Mpunga wa Shangazi na Mhusika Wangu

Mhariri aliniandikia mistari mitatu tu, na nimeisoma mara nyingi kiasi cha kuikariri bila kufungua simu. "Lugha yako nzuri. Lakini mhusika wako mkuu ni mwema kupita kiasi, sikumwamini. Anataka nini huyu dada?" Akaongeza kwamba nikiirekebisha hadithi ndani ya mwezi mmoja ataisoma tena.

Mwingine angefurahi. Mimi nilimaliza siku mbili nikijiuliza kwa nini aliandika "huyu dada" na siyo "huyu mhusika". Amegundua kwamba dada mwenyewe ni mimi? Ananitania? Hadithi ilikuwa ya msichana aliyemaliza chuo akarudi nyumbani Mpanda, akakosa kazi, akavumilia, akasaidia wazazi, akamsamehe kila aliyemsema. Nilipoisoma tena nikaona mhariri ana haki. Kurasa kumi na mbili, na hakuna mahali msichana yule alipotamani hata soda.

Basi nikafanya ninachofanyaga nikiogopa: nikachora jedwali. Umri, urefu, chakula anachopenda, anachoogopa, kilichomuumiza utotoni. Nilijaza visanduku vyote. Nilijua hata mhusika wangu analalia ubavu gani. Bado alikuwa kama nguo iliyoning'inizwa kwenye karakana ya baba, imekatwa vizuri na imepigwa pasi, ila haina mtu ndani.

Baba yangu ni fundi cherehani karibu na soko. Nilikuwa nakaa naye mchana, nashona vifungo vya sare za shule, na vifungo vikiisha nafungua daftari. Siku moja aliniuliza, bila kunyanyua macho kwenye cherehani, "Ndiyo maandalizi ya usaili hayo, mama?"

"Najiandaa, baba," nikajibu.

Sikumwambia najiandaa na nini. Akaendelea kukanyaga cherehani, na tangu siku hiyo nikawa namsikia akiwaambia wateja kwamba binti yake hapumziki, kutwa nzima anaandika maombi ya kazi. Kila aliposema hivyo niliinamia kifungo changu.

Ndiye aliyenituma Mamba, kijijini kwao.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amerudi kutoka alikoolewa, Magamba. Miaka kumi na moja ya ndoa, akarudi na sanduku na masufuria. Kule Mamba kulikuwa na majaruba sita ya mpunga ya marehemu bibi, bondeni, sehemu inayoshika maji vizuri kuliko zote. Baba mdogo, mdogo wao wa mwisho, alikuwa ameyalima tangu bibi afariki, na hakuona sababu ya kuyaachia. Baba kama mkubwa wao akatoa uamuzi: dada alime msimu mmoja. Akivuna vizuri, majaruba ni yake moja kwa moja. Yakimshinda, yanarudi kwa baba mdogo, na suala hilo lisizungumzwe tena.

"Mpunga umeshaanza kuingia maziwa, punje bado laini," baba aliniambia. "Sasa ndiyo vita ya ndege. Mtu mmoja hawezi. Nenda kamsaidie shangazi yako mpaka avune. Halafu mama, mimi siwezi kuacha kazi niende kukagua shamba. Wewe ndiye macho yangu. Utakachoniambia ndicho nitakachokifuata."

Nilipanda basi la asubuhi. Tulipokuwa tunapita hifadhini kondakta alipiga kelele tufunge vioo kwa sababu ya mbung'o, na mimi nikiwa na joto na daftari mapajani nilikuwa nafikiria kwamba hii ni bahati. Wiki tatu kijijini, bila kushona vifungo. Mhusika atapatikana.

Kazi ya kuamia ndege, yaani kulinda mpunga usiliwe, inaanza kabla jua halijatoka na inaisha giza likiingia. Shangazi alikuwa amejenga madungu mawili ya miti, moja katikati ya majaruba matatu ya chini, lingine, ambalo likawa langu, katikati ya matatu ya juu. Kati ya miti ya pembeni alikuwa amefunga utepe wa kaseti za zamani, unaolia upepo ukivuma. Kulikuwa na makopo ya kugonga, na kombeo la kurushia madonge ya udongo.

"Kombeo hutaliweza leo wala kesho," aliniambia siku ya kwanza. "Makopo ndege wameshayazoea. Silaha ni mdomo. Unapiga kelele, hunyamazi. Ukinyamaza wewe, wenzako wote wanawasukumia kwako."

"Makusudi?"

"Siyo makusudi. Kila mtu anafukuza kwake. Ndege anakwenda wapi? Anakwenda kusikokuwa na mtu. Shamba likinyamaza ni hoteli."

Mashamba yalikuwa yameungana bonde zima, na kila shamba lilikuwa na sauti yake. Nilipozoea niliweza kufumba macho nikajua hapa linaishia shamba la nani. Lililopakana na langu lilikuwa la baba mdogo, na mlinzi wake alikuwa mkewe, mama mdogo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kipaza sauti cha mkutano.

Jambo ambalo baba hakunieleza ni kwamba kule watu hawawapigii ndege kelele tupu. Wanawatukana. Na katika kuwatukana ndege wanatoa yote waliyonayo moyoni: ya mume, ya wakwe, ya jirani, ya kiongozi wa kwaya. Asubuhi yangu ya kwanza nilimsikia mama mdogo:

"Nyie ndege! Rudini kwenu mlikoolewa! Mmeachika huko mnakuja kula urithi wa watu!"

Nikageuka kumwangalia shangazi kwenye dungu lake. Nilidhani atalia. Alijaza kifua.

"Ndege nyie! Kuna mmoja kaletwa kwa mahari ya ng'ombe wawili, mmoja chongo, na yeye anahesabu urithi!"

Bonde zima likacheka. Mama mdogo mwenyewe alicheka mpaka akashika mti wa dungu. Jioni ile ile nikamkuta amekuja kuomba chumvi, wakakaa jikoni na shangazi wakipiga soga kama dada wa tumbo moja.

"Hamjagombana?" nilimuuliza shangazi baada ya mama mdogo kuondoka.

"Tugombane na nini? Alikuwa anasema na ndege. Ya ndege hayaingii nyumbani. Ukiyabeba ukaja nayo nyumbani, wewe ndiye mkosaji."

Niliipenda sheria hiyo. Ila mimi mwenyewe nilishindwa kupiga kelele. Nilikuwa nafungua mdomo, halafu nafikiria: nitasema nini? Kwa sauti gani? Watasema mwenye digrii anapayuka na ndege? Au nikinyamaza ndiyo watasema naringa? Mpaka nimalize kufikiria, ndege wameshatua. Nikawa nagonga kopo. Mama mdogo hakuniacha.

"Ndege, nendeni kwa msomi! Atawafundisha hesabu!"

"Piga kelele, we mtoto!" shangazi alinikemea kutoka chini. "Hata ukiimba alfabeti!"

Nilichokifanya vizuri ni kusikiliza. Nyumbani shangazi alikuwa mtu wa maneno machache. Akiulizwa habari za Magamba alisema "kwema" na kuendelea kuchambua dagaa. Baba mdogo akija, anamwekea kiti, anakaa chini kwenye mkeka, anaitikia "ndiyo" na "sawa". Huyo ndiye shangazi niliyekuwa ninamjua maisha yangu yote, na ningetakiwa kumwandika ningemjaza kwenye jedwali kwa dakika tano: mpole, mvumilivu, mchapakazi. Tayari, mhusika mwingine asiyetamani soda.

Juu ya dungu alikuwa mtu mwingine. Kwelea kwelea dume wana mdomo mwekundu, na shangazi alikuwa ameamua kwamba kila mdomo mwekundu ni mume wake wa zamani.

"Mdomo mwekundu wewe! Miaka kumi na moja nakupikia ulikuwa unasusa, leo unakuja kula mbichi!"

Au kwa kaka zake: "Ndege mnajua kugawa! Ya mwenzenu mnayagawa, ya kwenu mnayaficha kiotani!"

Mengine aliyasema kwa Kipimbwe, ambacho mimi nakielewa nusu, na kwa jinsi bonde lilivyokuwa likitulia kwanza ndipo licheke, nadhani hayo ndiyo yalikuwa makali zaidi. Na siku moja asubuhi sana, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mpunga, akidhani mimi sijapanda dungu, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na ndege mmoja tu: "Mwaka kesho watakuja kwangu kuniomba mbegu. Wote. Na mimi nitawaambia, subirini kwanza nifikirie."

Nilisimama pale kwenye ukingo wa jaruba, miguu kwenye maji, na moyo ukanienda mbio. Anataka nini huyu dada? Huyu hapa kasema. Hakutaka haki wala heshima, maneno makubwa niliyokuwa nayarundika kwenye jedwali. Alitaka kuombwa mbegu, na kumsubirisha mwombaji.

Siku hiyo nikaenda shambani na daftari.

Sina utetezi mzuri kwa yaliyofuata. Kwa siku nne nilikuwa nagonga kopo kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. Kila shangazi alipofungua mdomo nilinasa. Niliandika matusi, niliandika anavyoshika kiuno, niliandika kicheko cha bonde. Mhusika alikuwa anainuka mwenyewe kwenye karatasi, mkali, mchekeshaji, mwenye kijicho kidogo, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nimalize chuo. Siku ya tano, kwenye saa nne hivi, shangazi alianza maneno marefu kuhusu siku aliyotoka Magamba: jinsi mume wake alivyosimama mlangoni akahesabu masufuria anayoondoka nayo, akatoa moja la nyama, akasema hili linabaki. Alikuwa anamwambia ndege mmoja mwenye mdomo mwekundu, na bonde safari hii halikucheka. Nikaweka kopo chini ili nishike daftari kwa mikono miwili.

Sikusikia wanatua. Kwelea kwelea wakiwa wengi wanatoa sauti kama mvua ya mbali, na nilidhani ni upepo kwenye utepe. Nilichosikia ni shangazi amekatisha maneno yake: "We mtoto! Juu kwako! Juu!"

Niliponyanyua kichwa jaruba la nyuma yangu lilikuwa limebadilika rangi. Lilikuwa linatembea. Niliruka chini, nikakimbia na daftari mkononi nikilipunga, nikipiga ukelele usio na neno lolote, na wakanyanyuka wote kwa pamoja, wingu zima, wakahamia jaruba la pili. Shangazi alifika na kombeo. Mama mdogo aliacha shamba lake akaja, akipiga sufuria. Tulipofanikiwa kuwaondoa, jaruba moja lilikuwa limeisha kabisa, masuke yamesimama wima kwa wepesi, na la pili limeliwa nusu.

Shangazi alivunja suke moja, akalikamua kati ya vidole. Hakikutoka kitu. Akaliangalia daftari mkononi mwangu. Kisha akarudi kwenye dungu lake, kwa sababu ndege hawakuwa wameondoka bondeni.

Baba mdogo alikuja kabla ya jua kuzama. Sitaki kumfanya mbaya. Ana watoto sita na shamba lake la mlimani linakubali mahindi tu, tena kwa kusuasua. Ng'ombe waliolima majaruba ya shangazi walikuwa wake na hakudai kitu. Alizunguka kingo zote, mikono nyuma, akarudi.

"Dada, mimi nilisema mapema. Kilimo cha bondeni kinataka nyumba yenye watu."

"Nimekusikia," shangazi alisema.

"Tumpigie kaka, asije akasema nimemficha."

Mtandao unapatikana penye kichuguu, mwisho wa shamba. Tukasimama pale watatu. Akaweka sauti kubwa. Baba alisikiliza, kisha akasema, "Mpe macho yangu nizungumze naye." Nikapewa simu.

"Mama, imekuwaje?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi: nilikuwa naandika hadithi, nikanyamaza, wakaja. Lakini kichwa changu hakijui kubeba kitu kimoja. Atauliza hadithi gani. Nitasema ndizo nilizokuwa naandika kwenye karakana yako miezi yote. Atakumbuka wateja aliowaambia. Atazima cherehani. Nikaiona karakana nzima imenyamaza.

"Ndege walikuwa wengi, baba," nikasema.

Ulikuwa ukweli. Baba mdogo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa.

"Wamemshinda?" baba akauliza.

"Walikuwa wengi sana."

Baba akasema atafikiria, atatoa jibu Jumapili baada ya ibada. Simu ikakatika. Nilimtazama shangazi nikitegemea hasira. Alikuwa anachomoa nyasi zilizoganda kwenye kanga yake, moja moja.

Baada ya chakula alisema, "Lete hilo daftari. Nisomee."

Nilisoma. Mwanzoni alicheka kidogo kwenye maneno ya mwenye ng'ombe chongo. Kwenye mbegu akaacha kucheka. Nilipofika kwenye sufuria la nyama akanyanyua mkono.

"Hayo ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Kuna mhariri, shangazi. Ni hadithi tu. Jina lako halipo."

"Nimekuuliza unayapeleka wapi. Mimi nilimwambia ndege." Hakuinua sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kule watu wote wanasikia na hakuna anayebeba. Ndiyo maana tunasema. Wewe umebeba. Na ulipokuwa unabeba, mpunga wangu umeliwa. Halafu kaka akakuuliza."

Akaenda kulala. Mimi nilibaki natafuta sentensi ya kuomba msamaha iliyo kamili, isiyo na kujitetea, na kila niliyoipata niliikuta na "lakini" ndani yake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilipanda dungu mapema. Mama mdogo alianza, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, maana yaliyompata jirani yanaweza kumpata yeye. Shangazi alikuwa anafukuza kwa kombeo, kimya, hana neno. Nadhani hilo ndilo lililonisukuma. Bonde zima lilikuwa na sauti isipokuwa pale palipokuwa na sauti nzuri kuliko zote, na mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Nikasimama. 

"Ndege!" nikaita. Sauti ilitoka nyembamba. "Ndege nyie! Jana hamkumshinda shangazi! Mlinikuta mimi! Mwenye cheti! Nilikuwa naandika! Kopo liko chini, mimi naandika!"

 Kisha kutoka mbali, shamba ambalo hata sijui la nani, mzee mmoja akaitikia, "Ndege mmesikia? Msomi kaongea!" Wakacheka. Nikazidi kupaza.

"Na baba nikamwambia mlikuwa wengi! Mlikuwa wengi kweli, ila mwoga alikuwa mmoja!"

Niliendelea mpaka koo likakauka. Nilijisikia mwepesi ajabu. Niliona mama mdogo amesikia, bonde limesikia, kwa hiyo jambo limeisha, limesemwa hadharani kuliko simu yoyote. Mchana nikashuka kwenda kula na shangazi chini ya dungu lake, nikingoja aseme kitu. Alinimenyea kiazi akanipa.

"Umesema vizuri," alisema. "Una sauti, kumbe."

"Asante, shangazi."

"Ila ulikuwa unawaambia ndege. Mdogo wangu hawezi kuyabeba hayo aende kwa kaka, na mimi siwezi. Ndiyo utaratibu. Na ndege hawana simu." Akauma kiazi chake. "Jumapili ni keshokutwa."

Sijui kama nilijua hilo tangu mwanzo. Nimejiuliza mara nyingi. Inawezekana nilichagua kusema mahali pale hasa kwa sababu ndipo pekee neno halimfungi mtu. Mhusika mkuu mwema asingefanya hivyo, na mbaya asingepata taabu ya kupanda dungu. Ni mtu wa aina yangu tu anayeweza kukiri kwa sauti kubwa namna ile huku bado amejificha.

Nilimaliza kiazi, nikaenda kwenye kichuguu, nikampigia baba.

Cherehani ilikuwa inalia. Nilisema yote kwa mpangilio mbaya, nikaanza na mhariri, nikarudi kwenye ndege, nikaruka kwenye jedwali. Katikati nikasikia cherehani imesimama.

"Kwa hiyo hujaomba kazi."

"Niliomba mwanzoni, baba. Kama miezi mitatu. Baadaye nikawa naandika hadithi."

"Na mimi nawaambia watu."

"Ndiyo."

Nikasikia pikipiki zikipita nje ya karakana. Nilijizuia kusema kitu chochote cha kuujaza ule ukimya. Ni kazi ngumu kuliko kombeo.

"Tuachane na hilo kwanza," akasema hatimaye. "Hilo nina neno nalo, tutaongea ukirudi. Majaruba matatu ya chini, aliyokuwa analinda yeye. Yameliwa?"

"Hayajaguswa."

"Hata kidogo?"

"Hata suke, baba."

"Basi yeye hajashindwa. Wewe ndiye umeshindwa. Kamwite mdogo wangu."

Baba mdogo alizungumza naye muda mrefu, safari hii bila sauti kubwa, akitembea kukizunguka kichuguu. Alikuwa na hoja, na hoja nyingine zilikuwa za kweli. Aliporudi alimwambia shangazi kwamba kaka amesema shamba ni lake, na mwakani kama atataka ng'ombe aseme mapema, asisubiri mvua. Kwangu aligeuka akanitazama juu mpaka chini.

"Na wewe kaka amesema huondoki mpaka suke la mwisho. Na kila siku nikusikie kutoka nyumbani kwangu."

Nilibaki wiki mbili zaidi. Sauti yangu iliharibika, ikawa ya kukwaruza, na mama mdogo akanibatiza jina la ndege fulani wa usiku. Mhariri alinikumbusha kwamba mwezi unakaribia kuisha, nikamwomba siku chache. Kuandika niliandika jioni tu, nyumbani, na si alichosema mtu yeyote shambani. Niliandika kuhusu msichana aliyeulizwa swali kwenye simu akajibu kitu cha kweli kisichokuwa jibu. Nilikuwa najua anataka nini: anataka baba yake aendelee kuwaambia wateja. Nilijua na atakachompotezea mtu mwingine ili akipate. Sikulihitaji jedwali, na mara kadhaa nilimchukia kiasi cha kutaka kufunga daftari.

Siku ya kupura mpunga, kabla watu hawajafika, shangazi aliniita kwenye turubai.

"Yale maneno yangu bado yamo?"

"Yamo. Kurasa za mwanzo."

"Leta na kalamu. Futa nikiona."

Shangazi anasoma kwa shida, polepole, lakini mstari wa kalamu ukipita juu ya neno anauona. Nilifuta ya ndege mgawaji. Nilifuta ya sufuria, na sitasema uongo, mkono ulikuwa mzito. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile na hata hakikuwa changu. Kwenye mbegu aliniambia ngoja, akafikiria, akasema futa. Nikafuta. Kurasa nne zikawa nyeusi.

Akafunua mbele akakutana na kurasa nilizoandika karibuni, zisizo na mstari. Akaweka kidole.

"Hapa nani?"

Nikamsomea kidogo. Msichana, kichuguu, simu. Alisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa.

"Anakera huyu," akasema.

"Nifute?"

"Mimi siko humo. Huyo ni wako, utajua mwenyewe."

Akanirudishia daftari, akaniambia nishike pembe ile ya turubai niikandamize kwa jiwe, upepo umeanza na watu wale wanakuja.